Aketiye Naye Astahili Mshono Wake

Chuoni tulifundishwa kuwa vazi lina kazi mbili: kusitiri mwili na kuupamba. Afikaye Nyeri mwezi wa Julai huongeza ya tatu: kuukinga na baridi. Mji huo, uliokaa baina ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, u zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na manyunyu yake humtetemesha hata mwenda kwa miguu. Je, aketiye katika kiti cha magurudumu kutwa? Miguu isiyotembea hupoa upesi. Na aliyepotewa na hisia hata kuota moto ni hatari, kwani aweza kuungua asijue.

Lakini nguo zetu takriban zote hukatwa kwa kipimo cha aliyesimama. Mtu akikaa, suruali hushuka nyuma ikamwacha mgongo wazi, na mbele ikajikunja tumboni. Koti refu hurundikana kiunoni, pindo lake likanaswa na gurudumu. Mifuko ya nyuma na mishono minene humfinya hadi ngozi ikafanya vidonda, na vidonda hivyo huweza kuua. Hapo nguo haisitiri, haipambi, wala haikingi.

Dawa yake haihitaji kiwanda. Soko la Karatina lina makoti na sweta za mitumba, na mafundi cherehani hawakosekani. Fundi na ampime mteja akiwa amekaa. Kiuno cha nyuma akipandishe, cha mbele akishushe, mifuko ya nyuma aihamishie juu ya mapaja, zipu ndefu aitie ubavuni, koti alifupishe. Mwenye vidole vizito atiliwe utepe wa kunata badala ya vifungo. Buibui nalo lifunguke mbele, na upindo usifike magurudumuni.

Atatokea wa kusema: mpe shuka ajifunike, yatosha. Hasha! Shuka huteleza, tena humfanya mzima aonekane mgonjwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yataka mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, na heshima huanzia nguoni.

Sisi wa pwani tunaijua Bombolulu, karakana zilizoanzishwa Mombasa mwaka 1969, ambako wenye ulemavu wenyewe wamekuwa mafundi. Ujuzi wa namna hiyo na upande bara. Nasi tutoapo nguo za sadaka kwa Idi, kwa wa hapa au kwa ndugu zetu wa Nyeri na Nanyuki, tuongeze na ujira wa fundi.