Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: Nyayo za Kuku Nazo Zikaguliwe

Mheshimiwa Waziri,

Nafuga kuku wa nyama, na naleta ombi moja: mkaguzi anapokagua kuku machinjioni, augeuze na mguu autazame unyayo.

Unyayo unaeleza kuku aliishi vipi. Akitoka kwenye maranda makavu, ni laini na msafi. Akitoka kwenye banda lililolowa, utakuta kigaga cheusi katikati, kimegandamana na uchafu; kikibanduka, chini ni nyama mbichi. Mama anayekaanga miguu mtaani anakifahamu. Hukikata kwa kisu kabla miguu haijaingia kwenye mafuta.

Chanzo kikubwa ni unyevu. Kuku hunywa maji yenye uzito wa karibu mara mbili ya chakula anachokula, na sehemu kubwa huishia kwenye maranda pamoja na kinyesi. Hapo chombo cha maji kikivuja, kuku wakibanana, mapazia yakafungwa kutwa kwa sababu ya mvua, ngozi ya unyayo hulainika na kuungua. Mwenye kidonda hajisumbui kukifuata chakula. Hulala palepale penye majimaji, kifua nacho kikaungua, uzito ukadumaa. Kuku anayeuzwa wiki ya tano au ya sita hana muda wa kufidia, na hasara ni ya mfugaji. Maumivu ni ya kuku, na hilo peke yake lingetosha kunifanya niandike, kwani Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008.

Uswidi walianza kukagua nyayo machinjioni miaka ya 1990. Denmark wakafuata mwaka 2002: miguu 100 ya kila kundi hupewa alama 0, 1 au 2, na jumla ikivuka kiwango, mamlaka huarifiwa.

Najua kuku wetu wengi huchinjwa sokoni. Tuanze basi na machinjio yenye wakaguzi, na tusianze na faini. Mfugaji apewe kwanza majibu ya kundi lake, kisha afisa ugani amfuate bandani, ashike maranda kiganjani na kuyafinya: yakibaki donge, yamelowa, ainue vyombo vya maji vilingane na mgongo wa kuku.

Naomba mwongozo wa ukaguzi huo utoke kabla ya masika.

Wako mtiifu,
Mfugaji wa kuku wa nyama, Kibaha