Maana ya Neno "Bluprinti"

Mkulima aambiwapo kwamba bluprinti ya ghala iko tayari, na kilichobaki ni yeye kutoa fedha, ana haki ya kuomba aionyeshwe. Neno hili la Kiingereza, yaani chapa ya buluu, asili yake ni karatasi. Mwaka 1842 Sir John Herschel, Mwingereza, alivumbua karatasi yenye dawa ya chuma: ikifunikwa kwa mchoro, ikaanikwa juani, kisha ikaoshwa, hugeuka buluu na mistari hubaki myeupe. Hivyo ramani moja ilikuja kunakiliwa kwa mafundi wengi, vipimo vyote vikiwamo. Karatasi hizo zimekwisha kuachwa. Neno limebaki, na wengine hulitumia hata kwa wazo lisilopimwa bado. Kiswahili kina neno ramani, na fundi aitakaye hutazamia kuona mlango, dirisha na urefu wa kila ukuta.