Omba Kabla Hujakopa Mara ya Tatu

Mwaka wa 2024, wafanyabiashara wa Soko la Toi walipigwa mara tatu ndani ya miezi mitatu. Aprili, mvua ilileta mafuriko Nairobi. Wateja wakabaki nyumbani, na shule zilizokuwa zifunguliwe mwisho wa mwezi zikaahirishwa hadi Mei 13. Alfajiri ya Jumamosi, Juni 8, moto ukazuka sokoni, ukala vibanda na stoki, na watu wakapoteza maisha. Kabla majivu hayajapoa vizuri, maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yakaanza, na siku kama Juni 25 biashara nyingi jijini hazikufunguliwa kabisa.

Na Toi ilishazoea majanga. Iliungua Machi 2019. Kabla ya hapo iliteketezwa katika vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Kila mara watu wamejenga upya, mbao juu ya mbao, mabati juu ya mabati.

Kwa hivyo mtu wa Toi anajua kuamka baada ya pigo moja. Kinachomaliza biashara ni mapigo yanayofuatana, kila moja likikukuta bado hujalipia lile la kwanza. Hapo ndipo wengi wetu tunakosea mpangilio: tunakopa kwanza, tunakopa tena, halafu tunaomba msaada mwisho kabisa, wakati hata msaada hautoshi. Maoni yangu ni kwamba tugeuze mpangilio huo.

Kwa nini tunaficha

Chukua mfano huu. Unauza nguo za watoto pale Toi. Aprili biashara ni baridi, unakopa kwa simu ulipe nyumba. Mei unakopa kwingine ulipe karo. Juni moto unachoma robota ulilofungua juzi tu, unakopa mara ya tatu, lakini huu wa tatu haununui stoki. Unalipa ule wa kwanza. Dada yako aliye Kakamega anakuja kujua Agosti, na wakati huo umeshahama nyumba.

Ukimuuliza mtu kwa nini hakusema mapema, jibu ni lilelile: aibu. Mkopo wa simu haukuulizi maswali. Haukuambii "si juzi tu nilikusaidia?" Unabonyeza mara tatu, pesa imeingia, na jirani wa kibanda cha pili hajui kitu. Kusema ukweli, sisi tulio kwenye biashara ya pesa za simu tumechangia hapa. Tumefanya kukopa kuwe rahisi kuliko kumwambia ndugu yako kwamba mambo ni mabaya.

Lakini piga hesabu. Tuseme mkopo una ada ya 7.5% kwa siku 30. Kwa shilingi 10,000 hiyo ni 750, haionekani kubwa. Ukiuzungusha kila mwezi kwa mwaka mzima, umelipa 9,000 na bado unadaiwa zile 10,000. Shilingi hizohizo 10,000 ni watu 20 wakitoa 500 kila mmoja. Hesabu watu walio kwenye simu yako: chama, kanisa au msikiti, wateja wa zamani, mliosoma pamoja, ndugu wa shags. Wako zaidi ya 20.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Deni nalo ni maradhi ya aina hiyo.

Simu haisaidii mtu aliyenyamaza

Kuna utafiti mmoja ambao kila mtumiaji wa pesa za simu angefaa kuujua. Wachumi William Jack na Tavneet Suri walifuatilia familia za Kenya katika miaka ya mwanzo ya M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007, na wakachapisha matokeo 2014. Walitazama kinachotokea familia ikipata pigo, kama ugonjwa, kupoteza kazi au mavuno kuharibika. Familia zisizotumia M-Pesa zilipunguza matumizi yao kwa karibu 7%. Zile zilizotumia hazikupunguza.

Sababu ndiyo inayonivutia. Familia hizo hazikuwa na dawa ya siri. Zilipopata shida, zilipokea pesa zaidi, kutoka kwa watu wengi zaidi, hata walio mbali. Simu ilipunguza gharama na umbali wa kusaidiana. Binamu aliye Mombasa hakuhitaji tena kumpa makanga wa basi bahasha.

Ila lazima binamu ajue. Hakuna mtandao unaoweza kumwambia kwamba kibanda chako kimeungua. Hiyo sehemu ni yako.

Toi wenyewe walijua hili kabla ya simu. Wafanyabiashara wa pale walikuwa na kikundi cha kuweka akiba kila siku chini ya Muungano wa Wanavijiji, kila mtu akitoa kile kidogo alichopata siku hiyo. Faida ya kikundi kama hicho si pesa tu. Mtu anayepita kila siku kuchukua akiba anaona siku uliyokosa. Shida yako inajulikana ikiwa bado ndogo.

"Lakini watu wamechoka na michango"

Ni kweli, na sitabishana. Unaamka asubuhi umeshaongezwa kwenye magrupu mawili ya WhatsApp, moja la matanga, lingine la harusi ya mtu humjui. Wengine wanalipa karo za wadogo zao na kodi ya wazazi, na mshahara ni ule mmoja.

Lakini angalia kinachochosha hasa. Mara nyingi ni ombi lisilo na kiasi ("chochote tu"), lisilo na mwisho, na lisilo na ripoti. Umetuma 500, hujui kama mgonjwa alitoka hospitali au la. Mwezi ujao ombi lingine. Hapo hata mwenye moyo mkubwa anazima simu.

Ombi zuri lina mambo matano: kilichotokea, ulichofanya mwenyewe, kiasi kinachobaki, kama ni mchango au ni deni utakalorudisha, na siku ya mwisho. Liandike hivi:

"Habari ya jioni, Auntie. Kibanda changu Toi kiliungua Jumamosi. Stoki yote imeenda. Nimeuza friji na chama wamenipa 6,000. Ninahitaji 15,000 kununua robota moja na kurudi sokoni wiki ijayo. Naomba unikopeshe 3,000, nitarudisha 1,000 kila mwisho wa mwezi kuanzia Julai. Kama haiwezekani sasa hivi nitaelewa, ila niambie kufikia Alhamisi ndio nijipange."

Soma tena sentensi ya mwisho. Umempa Auntie ruhusa ya kukataa bila kuvunja undugu. Watu wengi hawajibu kwa sababu hawajui watakataaje. Na ukishapata, usisubiri mpaka ukamilishe kulipa ndio useme asante. Tuma picha ya kibanda kikiwa na nguo. Ndiyo risiti yake.

Pesa ipite wapi

Hapa kuna jambo ambalo watu hujifunza kwa uchungu. Kama laini yako ina deni la ile huduma ya kukopeshwa salio likiisha, ile watu huita kufuliza, pesa yoyote inayoingia hukatwa kwanza kulipia deni hilo. Wachangaji wanadhani wametuma ya stoki, kumbe imelipa mkopo wa Mei. Deni lazima lilipwe, hiyo haina mjadala. Lakini waliochanga wanafaa kujua pesa yao imefanya nini.

Kwa hivyo, kabla hujatuma namba kwa watu, angalia kama unadaiwa. Kama unadaiwa, una njia tatu za haki. Moja, sema wazi kwamba sehemu ya mchango ni ya deni, na utaje kiasi. Mbili, chagua mweka hazina ambaye watu wanamwamini, pesa ziingie kwake au kwenye akaunti ya chama, na orodha ya waliotoa iwekwe kwenye grupu kila jioni. Tatu, kama shida ni karo au hospitali, toa namba ya paybill ya shule au hospitali pamoja na namba ya mwanafunzi au mgonjwa. Watu hutoa kwa moyo mwepesi wakijua pesa imefika pale inapotakiwa.

Na kama tayari umechelewa kulipa mkopaji wa kidijitali, usikimbie simu zake. Piga wewe kwanza, uombe mpango wa kulipa kidogokidogo. Ukianza kuaibishwa kwa watu walio kwenye simu yako, jua kwamba hiyo si haki yake: kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 zinamkataza mkopeshaji kuwasumbua watu wa kwenye simu yako bila idhini, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa mahali pa kulalamika.

Ukiwa wewe ndiwe unaombwa

Pigia simu kabla ya kutuma. Walaghai huteka akaunti ya WhatsApp ya mtu na kuandikia jamaa zake wote "nisaidie, nitakurudishia jioni." Sikia sauti. Angalia jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Na hakuna mchango wowote duniani unaohitaji PIN yako. Anayeiomba ni mwizi, hata akiwa anatumia picha ya pasta wako.

Kisha jibu. Kama una 200, tuma 200. Kama huna, sema huna, leo, ili mtu aende kwingine. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, lakini hata "pole, mwezi huu sina" ni msaada kwa mtu anayehesabu siku.

Na usimcheke aliyeomba mapema. Yule aliyekwambia akiwa ameanguka mara moja anakuomba 3,000. Yule atakayekwambia akiwa ameanguka mara tatu ataomba 60,000, na hamtaweza.

Kama mwezi huu umeshakopa mara mbili na unafikiria ya tatu, usibonyeze bado. Andika majina matano kwenye karatasi. Kwa kila jina weka kiasi ambacho mtu huyo anaweza kukosa bila kuumia. Halafu mpigie wa kwanza leo, kabla hajasikia kwa mtu mwingine.