Tamthiliya Zirudi Barazani

Kila mwaka unapokaribia kwisha na watu wakapata wasaa wa kukaa kitako, mazungumzo ya barazani, yakisha kumaliza siasa na bei za vyakula, aghalabu huelekea kwenye tamthiliya za runinga: ipi iliyopendeza, ipi iliyopotea njia katikati, mwigizaji gani aliyewaliza watu, na mtunzi gani aliyeshindwa kukifunga kisa alichokifungua kwa ufasaha. Wapo wanaoyahesabu mazungumzo hayo kuwa ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Rai yangu ni kinyume cha hiyo. Naamini kwamba mazungumzo hayo ni miongoni mwa manufaa makubwa ambayo runinga imepata kutuletea, na kwamba mabadiliko yanayoipata biashara ya runinga zama hizi, pamoja na kheri zake zote, yaweza kuyaua tusipokuwa na hadhari.

Adabu zetu hazimruhusu mtu kuutangaza ugomvi wa nyumba ya jirani yake, na dini zetu zinakataza kusengenya. Lakini mambo ya nyumba za watu, yaani ndoa, urithi, wivu, ukewenza na jeuri ya mwenye mali, ndiyo yanayohitaji kutafakariwa kuliko yote. Tamthiliya hutupatia watu ambao twaweza kuwahukumu mchana kweupe bila ya kumvunjia mtu heshima. TBC ya Tanzania ilipoonyesha mwaka 2011 tamthiliya ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, yenye kisa cha Doudou, kijana wa kike wa Beijing aliyeolewa akajikuta na mama wakwe wawili, ilipata umaarufu hata Rais Xi Jinping wa China akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Sababu yake si ngumu kuifahamu: mke aliyeshindwa kumwambia mumewe neno juu ya mama yake mzazi aliweza kulisema lote juu ya mama wa mume wa Doudou, na mume akasikia. Kadhalika Sultana, tamthiliya ya kituo cha Citizen cha Kenya yenye msichana wa pwani asiyeona, ilimpa kila mtazamaji fursa ya kujiuliza jinsi anavyomtendea mlemavu aliye chini ya dari yake, kabla hajaulizwa na mwingine.

Mazoea haya yana asili yake. Kenya ilianza kurusha picha za runinga mwaka 1962. Zanzibar ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa picha za rangi ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa haijazijua. Tanzania Bara ikangoja hadi 1994. Seti zilikuwa adimu, na aliyekuwa nayo hakuweza kuufunga mlango wake jioni bila ya kulaumiwa na mtaa. Huko Kenya vichekesho vya Vitimbi na Vioja Mahakamani viliwakusanya watu wa makabila na madaraja mbalimbali, na marehemu Benson Wanjau, aliyejulikana zaidi kwa jina la Mzee Ojwang, akawa mtu wa kila nyumba, kwa kuwa watu wote walimwona siku moja na saa moja, na asubuhi yake kila mmoja alikuwa na la kusema juu yake.

Sitamani hali ile irejee ilivyokuwa. Chombo kimoja kilichotamalakiwa na serikali kilikuwa na ufinyu wake, na yapo mengi yaliyonyamaziwa kwa kuwa wakubwa hawakupenda yasemwe. Kuja kwa vituo vya watu binafsi kulipanua uwanja: kundi la Kaole kwenye ITV liliwapa waigizaji wa Dar es Salaam jukwaa, naye Steven Kanumba alipitia huko kabla ya kuwa nyota wa filamu, na Mombasa ilipata sauti yake pale Rashid Abdalla na Lulu Hassan, ambao wengi waliwajua kwa kusoma habari, walipoanza kutengeneza tamthiliya, wakatuletea Maria, Zora na hiyo Sultana. Hizo ni neema, na mwenye insafu hazikanushi.

Lakini uwanja haukusita kupanuka, na ulipozidi ukaanza kututenga. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012. Kenya ilipofuata mwaka 2015, mabishano baina ya serikali na wenye vituo yalifanya KTN, NTV na Citizen zitoweke hewani kwa takriban wiki tatu. Tangu hapo king'amuzi kikawa ni bawabu wa kila sebule, na tamthiliya kadhaa zilizo bora zikahamia kwenye chaneli za kulipia, kama Jua Kali ya Leah Mwendamseke, aitwaye Lamata, ambayo makao yake ni Maisha Magic Bongo. Kisha ikaja intaneti. Mwaka 2022 Netflix ilionyesha Country Queen, tamthiliya yake ya kwanza kutoka Kenya, na kwa muda iliwapa Wakenya fursa ya kutazama bure kwa simu, fursa iliyoondolewa mwaka 2023. Mwaka 2025 Canal+ ya Ufaransa ikaimiliki MultiChoice ya Afrika Kusini, mwenye hiyo Maisha Magic Bongo, hata maamuzi juu ya visa vya Tandale na Likoni yakawa mikononi mwa watu waliozidi kuwa mbali nasi.

Matokeo yake nayaona miongoni mwa sahibu zangu. Tukikutana kuupitia mwaka, mmoja huzisifu tamthiliya za Kituruki zinazotiwa sauti za Kiswahili na Azam, naye ana haki, kwani wale wanaotia sauti ni mafundi wanaostahiki kutajwa majina kuliko wanavyotajwa, mwingine, ambaye ni mwalimu, huitetea Jua Kali kwa hoja nzito, lakini nusu ya wasikilizaji wake hawajailipia, na kijana aliye mdogo kuliko sote huanza kutusimulia kisa alichokitazama chote kwa usiku mmoja kwenye simu, mwenziwe akamkatiza: “Usiniambie, bwana, mimi bado sijafika hapo.” Maneno hayo ni ya haki, lakini yanaufunga mjadala. Kila mmoja yuko katika sehemu yake, kwa saa yake na kwa bando lake, na hapana tamthiliya moja ambayo sote twaweza kuipima. Wazee walinena kuwa penye wengi pana Mungu. Nami naongeza kuwa mtunzi asiyehukumiwa na wengi kwa pamoja hukosa mwalimu, kwani magazeti yetu ni nadra kuhakiki tamthiliya kwa kina, na idadi ya waliobofya humwonyesha wingi wa watazamaji, haimwambii kosa lake.

Yatakiwa kusema ukweli pia juu ya fedha, maana ndizo zinazoendesha yote haya. Kutengeneza sehemu moja ya tamthiliya kunahitaji mtunzi, waigizaji, wapiga picha, mavazi na nyumba ya kukodi, ilhali tamthiliya ya kigeni huja mara nyingi ikiwa imekwisha kurudisha gharama zake kwao, na mnunuzi akabakiwa na kazi ya kuitia sauti tu. Matangazo ya biashara yaliyokuwa yakivilisha vituo yanahamia kwenye mitandao, na kituo kinapopungukiwa, tamthiliya ya nyumbani ndiyo ya kwanza kukatwa. Vijana waliokimbilia YouTube wamepata uhuru na wengine wamepata riziki, nami nawapongeza. Lakini malipo ya huko humsukuma mtu kutoa sehemu fupi kila siku kabla kisa hakijaiva, na fundi asiyepewa muda hawezi kuleta kazi yenye kudumu.

Kwa hiyo nasema kwamba tamthiliya bora ya Kiswahili yapasa iwe na mahali pa wazi, pasipolipiwa, katika saa za jioni ambazo watu wako nyumbani. Kanuni za utangazaji za Kenya zinavitaka vituo viwe na asilimia 40 ya vipindi vya nyumbani, na hilo ni jema. Ila asilimia huhesabu saa, nacho kituo chaweza kuzitimiza kwa maongezi ya studio na muziki wa mchana kisiagize hata kisa kimoja. Sheria na itake tamthiliya kwa jina lake, na itaje saa za jioni. Vyombo vya umma, yaani KBC, TBC na ZBC, ambavyo vipo kwa ajili ya wananchi wote na si kwa faida peke yake, ndivyo vilivyo na faradhi ya kutangulia: kila kimoja kiagize kila mwaka tamthiliya moja iliyoandikwa kwa utulivu, mtunzi akalipwa kabla ya kamera kuwashwa, na vikipenda vitatu hivyo vishirikiane gharama, kwani lugha ni moja na hadhira ni moja kutoka Lamu hadi Kigoma. Baada ya kuonyeshwa jioni, iwekwe kwenye intaneti kwa walioikosa na kwa ndugu zetu walioko Muscat na Toronto. Hapana ugomvi baina ya mambo hayo mawili.

Sisi watazamaji nasi tuna sehemu yetu. Tuchague tamthiliya moja, tuitazame kwa wakati mmoja, tubishane juu yake kwa hoja na kwa staha, na magazeti yatoe nafasi kila wiki kwa mhakiki atakayeitendea haki. Watunzi wetu wamekwisha kuthibitisha kuwa wana uwezo. Wakipewa mahali ambapo taifa zima lawaona, wataandika kwa hofu na matumaini ya mtu anayejua kuwa kesho asubuhi atahukumiwa na watu wengi, na kazi za Kiswahili hazitahitaji kuombewa huruma mbele ya kazi za kigeni.