Pete ya Chanda Kimoja: Juu ya Wasanifu wa Mandhari ya Sinema

Desturi moja imeenea miongoni mwetu sisi tuandikao juu ya sinema kwa Kiswahili, nayo ni desturi mbaya. Tukitaja picha yo yote, twasema ni ya fulani, na fulani huyo huwa ni mwongozaji daima. Hii ni ya Fleming, ile ni ya Kubrick, nyingine ni ya Pollack. Wanafunzi wetu huyakariri majina hayo kama watoto wa chuoni wanavyokariri alifu na be, wakaondoka na imani kwamba mtu mmoja aliketi peke yake akawaza, na mawazo yake yakawa nyumba, barabara, taa, rangi na mbingu. Mimi nasema kuwa imani hiyo ni uongo, na kwamba aliyedhulumiwa kwayo kuliko wengi ni mtu ambaye hata jina la kazi yake halijatulia katika lugha yetu.

Nitamwita msanifu wa mandhari. Sidai kuwa jina hili limekamilika; atakayepata bora na alilete. Kazi yake ni kuamua karibu kila tukionacho isipokuwa nyuso za wachezaji na mavazi yao: chumba kiwe kipana au chembamba, dari iwe juu au iinamie vichwa vya watu, ukuta uwe na rangi gani, dirisha litazame wapi. Huusoma mswada kabla kamera haijafunguliwa, huchora, huhesabu gharama, kisha huwaamrisha maseremala, waashi na wapaka rangi. Siku mwongozaji anapokuja kupiga picha, aghalabu hukuta ulimwengu umekwisha kuumbwa.

Desturi yetu ina baba zake. Mwezi wa Januari 1954 François Truffaut, wakati huo kijana wa miaka 21, aliandika katika jarida la Cahiers du cinéma kuzishambulia picha za Ufaransa zilizotegemea ustadi wa waandishi wa miswada, akawatukuza waongozaji waliostahili kuitwa watunzi. Mwaka 1962 Andrew Sarris aliyachukua mawazo hayo huko Marekani akayafanya nadharia. Siwalaumu kwa kila jambo. Walizitetea picha ambazo wasomi walizihesabu kuwa bidhaa za sokoni tu, na utetezi ule ulihitajiwa. Lakini dawa yao imenywewa kupita kipimo. Wazee walisema chanda chema huvikwa pete. Sisi twavika pete chanda kimoja kwa kazi iliyofanywa na mkono mzima.

Tuutazame ushahidi wa Gone with the Wind, picha iliyotolewa mwaka 1939. Mwongozaji wa kwanza, George Cukor, aliondolewa wiki chache tu baada ya kazi kuanza. Akaja Victor Fleming, naye akachoka hata akalazimika kupumzika. Akaingia Sam Wood, kisha Fleming akarudi. Basi picha ile ilipita katika mikono ya waongozaji watatu, na mtazamaji hauoni mshono. Kwa nini hauoni? Kwa sababu mtayarishaji, David O. Selznick, alikuwa amemtaka William Cameron Menzies aichore picha nzima katika karatasi kabla haijapigwa: namna kila tukio litakavyokaa mbele ya kamera, mahali pa kivuli, mahali pa rangi. Usiku wa tarehe 10 Desemba 1938, kabla mchezaji mkuu wa kike hajatiliwa saini, Menzies alisimamia upigaji wa picha ya kuungua kwa mji wa Atlanta. Majengo makuukuu ya picha za zamani, pamoja na ukuta mkubwa uliotumika katika King Kong ya mwaka 1933, yalitiwa moto, na watu wengine wakapanda gari la farasi mahali pa wachezaji wakuu. Moto ule ndio watu waukumbukao hata leo, na Fleming alikuwa bado hajapewa kazi.

Selznick, ambaye hakuwa mtu wa kugawa sifa ovyo, aliona kuwa majina ya kazi yaliyokuwapo hayatoshi kwa jambo hili. Akampa Menzies cheo kipya, cha msanifu wa picha nzima, na cheo hicho ndicho wasanifu wanachokitumia mpaka sasa. Katika tuzo za Oscar, Lyle Wheeler alipata ya usanifu wa majengo, na Menzies akapewa ya heshima kwa namna alivyoitumia rangi kuongeza nguvu za hisia. Ya uongozaji ilikwenda kwa Fleming, na vitabu vikamfuata yeye. Nakiri kuwa mimi pia nimepata kuandika “Gone with the Wind ya Fleming” bila kuona haya.

Mtu atanijibu kwamba mwongozaji ndiye mwamuzi wa mwisho, na kwamba msanifu huchora apendavyo mwenziwe. Jibu hili lina sehemu ya kweli, nami sitaki kuikwepa. Ken Adam, mzaliwa wa Berlin aliyekuwa rubani wa jeshi la anga la Uingereza katika vita, alisanifu chumba cha vita katika Dr. Strangelove, picha ya mwaka 1964. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa na ghorofa mbili. Kubrick aliupenda, kisha akageuka akauliza watu wa ghorofa ya juu watafanya nini muda wote huo. Adam akaanza upya, akaleta paa lenye umbo la pembetatu lililoinama kama handaki la kujikinga na mabomu, na chini yake meza kubwa ya mviringo yenye duara la taa juu yake. Kubrick akataka meza ifunikwe kwa kitambaa cha kijani, ingawa picha haikuwa ya rangi, ili wachezaji wajione kama watu wachezao kamari juu ya roho za walimwengu. Hapana shaka kuwa mwongozaji alifanya kazi kubwa pale. Lakini kuukataa mchoro si kuchora, na yule asemaye kuwa chumba kile ni fikira ya Kubrick anawakata watu wawili nusu na kumtupa mmoja.

Tena jambo hili halihusu heshima tu, linahusu hesabu. Asiyetajwa katika sifa hawezi kuulizwa katika lawama. Mwaka 1985 Sydney Pollack aliongoza Out of Africa, iliyopigwa nchini Kenya. Msanifu wake, Stephen Grimes, alijenga upya Nairobi ya walowezi, na yeye pamoja na Josie MacAvin, aliyepamba vyumba, walipata Oscar kwa kazi hiyo. Ni kazi nzuri mno, na uzuri wake ndio ninaoushitaki. Veranda ile, bilauri zile na vitabu vile vinamfanya mtazamaji autamani ukoloni kabla mchezaji hajafungua kinywa. Wahakiki wetu wameyapima maneno ya picha ile mara nyingi, wakayakuta na kasoro. Viti hawakuvipima. Wametafuta hoja katika ulimi, na hoja ilikuwa imekaa sebuleni.

Nguvu hiyo hiyo yaweza kwenda njia nyingine. Hannah Beachler alipopewa kazi ya kuijenga Wakanda kwa ajili ya Black Panther ya mwaka 2018, hakuwa na mji wa kuiga, kwa kuwa nchi ile haipo. Aliweka mapaa ya nyumba za msonge juu ya majumba marefu, akauliza kwa majengo swali ambalo mswada peke yake usingeweza kuliuliza: miji yetu ingekuwaje kama isingepangwa na wageni? Mwaka 2019 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar ya kazi hiyo, miaka 90 baada ya Menzies kupata ile ya kwanza mwaka 1929. Waweza kulikataa jibu lake. Mimi naona mna humo mchanganyiko wa Afrika nyingi zisizojuana. Lakini ili kulikataa ni lazima kwanza ujue ni jibu la nani, na insha nyingi nilizozisoma zinamtaja Ryan Coogler tu.

Baadhi ya vyombo vilivyotumika katika Out of Africa sasa vimo ndani ya jumba la makumbusho la Karen Blixen, pembeni mwa Nairobi, katika nyumba moja na vyombo vyake mwenyewe. Wanafunzi hupelekwa huko. Mwalimu atakayewapeleka safari ijayo na asimame mbele ya kila kiti, awaulize kama hiki alikikalia mwenye nyumba, au kilichaguliwa na MacAvin.