Kupe wa Nyumbani na Kupe wa Ugenini

Mwenye mifugo wa Garissa, awe akaa Iftin mjini au katika maboma ya mbali, hahitaji kufundishwa kupe ni nini. Wasomali humwita shilin, na mchungaji mwema humbandua kwa mkono jioni, ngamia wapigapo magoti zizini. Lakini liko jambo ambalo hata wafugaji hodari hulisahau, na kulisahau kumewatia wengi hasara: kupe wote si wamoja, na ng'ombe aliye imara kwao aweza kufa upesi akihamishwa.

Katika nchi kavu ya mashariki ya Mto Tana wako kupe wanaovumilia jua, kama kupe wa ngamia, na yule mwenye mapambo meupe mgongoni aitwaye kupe wa punda milia. Kupe wa masikio, mwenye rangi ya kahawia, hapendi nchi hiyo. Yeye ataka unyevu na majani. Katika ukame hukauka akafa. Naye ndiye achukuaye ndigana kali. Kwa sababu hiyo ndama wengi wa nchi kavu hukua bila kuonana na ugonjwa huo, na miili yao haijajifunza kupigana nao.

Tuseme karani mmoja ameweka akiba ya mshahara wake katika mitamba mitatu mizuri ya Boran, aliyoinunua mnada wa Garissa. Aipeleka kwa nduguye Kilifi, au katika nyanda za juu, kwenye majani mengi. Baada ya mwezi mmoja hana hata mtamba mmoja. Watu husema ni jicho baya, au ni maji ya ugenini. Sivyo, ni kupe.

Jambo hili si geni. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ugonjwa huo ulifika Rhodesia ya Kusini pamoja na ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki, nao ukaua ng'ombe wa huko kwa maelfu. Mwaka 1903 Dr. Robert Koch aliitwa kuuchunguza. Vimelea vilivyokuwamo damuni vilifanana na vile alivyokwisha kuviona Dar es Salaam mwaka 1897.

Yafaa tujue kupe afanyavyo kazi yake. Akiwa mdogo hunyonya damu ya ng'ombe mwenye vimelea, kisha huanguka chini, hujibadili umbo, na kumpanda mnyama mwingine. Hapo vimelea huchukua siku kadhaa kukomaa katika mate yake kabla ya kumwingia ng'ombe. Basi kupe abanduliwaye mapema huenda asilete madhara, bali aachwaye wiki nzima ni hatari.

Dalili huonekana baina ya siku 8 na 25. Matezi ya chini ya sikio na ya mbele ya bega huvimba, homa hupanda, mnyama huacha kula, mwishowe hupumua kwa shida na povu humtoka puani. Mwenye kungoja povu amechelewa. Mwite mganga wa mifugo mara uonapo tezi na homa. Iko dawa ya kweli iitwayo buparvaquone, ifaayo sana ikitolewa mapema. Ile sindano ya tetrasaiklini ambayo wengi huinunua dukani haiponyi ndigana kali iliyokwisha kuanza. Hupoteza fedha na siku.

Lakini lililo bora ni kujikinga kabla ya safari. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Muguga, karibu na Nairobi, walitengeneza chanjo: mnyama hupewa vimelea hai kwa kipimo, pamoja na tetrasaiklini ya kuudhibiti ugonjwa usimlemee. Hapa, ikitolewa siku ile ile, dawa hiyo ina kazi yake. Mnyama achanjwe wiki kadhaa kabla ya kuhamishwa, ili mwili upate nguvu. Walakini, palipo na nyati chanjo haitoshi, maana vimelea vitokavyo kwa nyati ni vya namna nyingine.

Wala chanjo haiondoi josho. Kupe wengine huleta mkojo mwekundu, ndigana baridi na moyo maji. Changanya dawa kwa kipimo kilichoandikwa, na usisahau ndani ya masikio na chini ya mkia.

Baina ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo, na wafugaji wengi walilazimika kuhama mbali. Ukame mwingine hautakosa kuja. Atakayehama na aulize kwanza: huko niendako, kupe gani wananingoja? Gharama ya kuchanja mtamba mmoja ni ndogo kuliko bei ya mtamba huyo.