Maskini Hukosa Fedha, Hakosi Hesabu

Liko neno linalosemwa mara nyingi na watu walioshiba, nalo ni hili: kwamba maskini ni maskini kwa sababu hajui kutunza fedha. Neno hili ni la uongo, ewe msomaji. Humtukana mtu kwa kosa asilolitenda, kisha huwafumba macho wale wawezao kumwondolea mzigo wake.

Tazama kwanza jinsi fedha zinavyofika. Karani hulipwa mwisho wa mwezi, naye aijua siku na kiasi chake. Kibarua wa ujenzi mjini Nairobi hulipwa leo, na kesho huambiwa hakuna kazi. Mama muuza mboga hupata faida leo, na kesho nyanya zikamwozea. Fedha za karani ni maji ya bomba. Za hawa wawili ni maji ya mvua, na ategemeaye mvua hana budi kuwa na vyombo vingi vya kukingia. Kwa hiyo huweka kidogo katika kibubu, kidogo kwa mwenye duka, kidogo katika simu, na kidogo katika chama. Je, huo ni ujinga? Mimi nasema ni uhasibu.

Chukua chama cha mzunguko, ambacho watu wa pwani hukiita upatu. Wanawake kumi hutoa shilingi 200 kila mmoja kwa juma, na mmoja wao, kwa zamu, hupokea shilingi 2,000. Wa kwanza amekopa bila riba. Wa mwisho ameweka akiba. Hapana hati ya shamba iliyowekwa rehani. Dhamana ni uso wa mtu mbele ya majirani zake. Ni kweli kwamba pengine mmoja hupokea zamu yake kisha akatoroka. Walakini Imperial Bank mwaka 2015, na Chase Bank mwaka 2016, ziliwekwa chini ya uangalizi, wenye akiba wakazuiwa fedha zao. Wala hatukusikia ikinenwa kwamba matajiri hawajui fedha.

Ubaya, basi, u wapi? U katika bei. Mwaka 2007 M-Pesa ilianza, na mwana aliye mjini akaweza kumtumia mama yake shilingi bila kuzikabidhi kwa dereva wa basi. Hiyo ilikuwa neema. Mwaka 2012 ukaja mkopo wa simu uitwao M-Shwari, na kwa mkopo wa siku 30 mkopaji alitozwa asilimia 7.5. Malipo hayo hayakuitwa riba, yaliitwa ada. Shika kalamu ukokotoe. Kwa shilingi 1,000 ada ni 75, nazo zaonekana chache. Lakini akopaye na kulipa hivyo kila mwezi hutoa shilingi 900 kwa mwaka, naye hakuwahi kushika zaidi ya 1,000. Mwaka 2016 Bunge liliwekea riba za mabenki kikomo cha asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na kikomo hicho kikaondolewa mwaka 2019. Katika miaka hiyo mkopaji mkubwa alikingwa na sheria, ilhali mkopo wa mchuuzi uliendelea kutozwa ada. Jina lilibadilishwa, mfuko ukatobolewa.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Walisema kweli, lakini kibaba kilichotobolewa hakijai, hata mwenye kukijaza awe hodari namna gani. Maskini hahitaji mahubiri ya kuweka akiba, maana aliyajua kabla ya mhubiri. Ahitaji mkopo ambao gharama yake ya mwaka mzima imetajwa waziwazi, kwa lugha aifahamuye, kabla hajaukubali.

Nawe uliyefundishwa asilimia shuleni, usiifungie elimu hiyo katika daftari. Keti na mzazi wako, uzidishe ada ya mwezi kwa kumi na mbili, umwonyeshe jumla. Halafu, ukimsikia mtu akiwacheka maskini kwa kutojua fedha, mpe hesabu hiyo aikokotoe mwenyewe.